Si Kila Tundu Ni la Kuzibwa

Mwezi uliopita katika ukurasa huu wa nyumba tuliongea juu ya kuhifadhi maji ya kunywa. Safari hii tunaongea juu ya kitu ambacho hakichotwi wala hakinunuliwi, lakini ndani ya nyumba zetu nyingi kimekuwa haba: hewa.

Tumelichagua jambo hili kwa sababu ya malalamiko yanayotufikia. Familia zinazoishi hapa mjini Bujumbura, za Buyenzi, Kinama, Ngagara na kwingineko, zinalia joto. Mama mmoja alituambia, "Usiku tunalala kama tuko ndani ya chungu." Familia zilizoko kwenye kambi za milimani, kuanzia Musasa upande wa Ngozi mpaka Bwagiriza upande wa Ruyigi, zenyewe zinalia baridi. Wa huku chini wanatafuta upepo, wa kule juu wanaukimbia. Lakini tulipoingia ndani ya nyumba zao, tulikuta kosa ni moja. Matundu ya hewa yamezibwa.

Yamezibwa kwa magunia, kwa makartoni, kwa nguo kuukuu, kwa udongo. Ukiuliza, kila mtu ana sababu: wezi, mbu, mvua, vumbi, baridi. Sababu zote hizo ni za kweli. Hatuwacheki wala hatuwalaumu, maana hata sisi tulifanya vilevile.

Yaliyotupata sisi

Tulipofika Bujumbura tulipanga chumba kimoja ndani ya parsela yenye familia nyingi. Juu ya mlango kulikuwa na matofali ya matundu, yale ambayo mafundi huita klostra. Juma la pili tu, mwizi alipitisha usiku fimbo yenye ndoano, akatuvulia suruali na shuka kama mtu anayevua mukeke ziwani. Asubuhi yake tukaziba matundu yote, gunia kwa ndani, udongo kwa nje. Tukasema, sasa tutalala.

Kulala hatukulala. Joto la mchana lilibaki ndani mpaka usiku wa manane. Tukiamka, kichwa kizito. Baada ya miezi miwili ukuta wa nyuma ya kitanda ukaota ukungu mweusi, na mtoto wetu mdogo akaanza kukohoa. Tukanunua dawa ya kifua mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Hela ya dawa ilishapita bei ya suruali iliyoibwa.

Siku moja mzee jirani, fundi wa kujenga, alikuja kutusalimia. Hakukaa hata kwenye kiti. Alisimama mlangoni, akatazama juu, akasema, "Wanangu, nyumba hii mmeikaba koo." Siku hiyohiyo tulizibua, na mzee akatuonyesha namna ya kumzuia mwizi bila kuzuia hewa. Mengi tunayoandika hapa tulianza kujifunza kwake.

Fikiria bidoni la mafuta

Tuanze na namna hewa inavyotembea. Kila aliyewahi kumimina mafuta ya mawese kutoka kwenye bidoni anajua hili. Bidoni likiwa na tundu moja, mafuta yanatoka kwa kugugumia. Toboa tundu la pili upande wa juu, mafuta yanatiririka bila shida. Kwa nini? Kwa sababu kitu hakitoki vizuri kama hakuna kingine kinachoingia mahali pake.

Nyumba nayo iko hivyo. Ukifungua dirisha moja tu, hewa ya ndani haina pa kwenda, na ya nje haina pa kukaa. Nyumba inahitaji njia mbili: moja ya chini hewa iingie, nyingine ya juu itoke. Zikiwa kwenye kuta zinazoelekeana ni bora zaidi, maana upepo unapita kati ya chumba badala ya kuzunguka kwenye kona moja.

Kwa nini ya kutokea iwe juu? Kwa sababu hewa ya moto ni nyepesi, inapanda. Manjanja yakipigwa na jua la saa saba yanakuwa moto kiasi cha kutogusika, na moto huo unashuka mpaka kitandani. Ongeza miili ya watu sita, ongeza taa, ongeza sufuria iliyoletwa ndani ikiwa bado inachemka. Joto lote hilo linakusanyika chini ya paa. Likikuta tundu, linatoka na kuivuta hewa baridi iingie kwa chini. Likikuta gunia, linabaki nanyi.

Mnaweza kupima wenyewe leo. Chukueni uzi mwepesi au kipande cha karatasi laini, mkishike mbele ya tundu la juu. Kikivutwa kwenda nje, nyumba inapumua. Kikining'inia bila kutikisika, nyumba haipumui. Wenye ubani nyumbani wanaweza kutazama moshi wake unaelekea wapi.

Kwa walioko Bujumbura: saa za kufungua na saa za kufunga

Mji huu uko kando ya Ziwa Tanganyika, karibu mita 800 tu juu ya usawa wa bahari. Mchana joto hufika digrii 28 mpaka 30, usiku hushuka karibu na 20. Maana yake ni kwamba ubaridi upo, lakini unakuja kwa saa zake. Kazi yetu ni kuukaribisha unapokuja na kulifungia mlango jua linapopiga.

Alfajiri, saa kumi na mbili, fungueni kila kitu, mlango na madirisha. Hiyo ndiyo saa ya kuosha nyumba kwa hewa. Kuta za udongo au za matofali zinapoa wakati huo, na ubaridi wake unawasaidia mpaka mchana.

Kuanzia saa nne, fungeni pazia au dirisha la upande unaopigwa na jua, acheni wazi la upande wenye kivuli. Mchana upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu. Kwa sisi wa Bujumbura unatoka magharibi, upande wa Uvira. Dirisha la upande huo likiwa na kivuli, hata cha turubai au mkeka uliotundikwa kwa nje, linaleta upepo bila kuleta jua. Wekeni kivuli hicho nje, si ndani. Jua likishapita dirishani, joto limeshaingia.

Jioni, jua likishazama nyuma ya milima ya Kongo, fungueni tena pande zote. Usiku upepo unageuka. Unashuka kutoka milima ya mashariki kwenda ziwani. Kwa hiyo nyumba yenye tundu mashariki na tundu magharibi inapata upepo wa mchana na wa usiku. Mkiwa katikati ya parsela iliyobanana ambako upepo haufiki, msikate tamaa. Hapo ndipo tundu la juu linapokuwa na kazi zaidi, maana joto linapanda lenyewe hata pasipo upepo.

Matundu ya juu yenyewe yaacheni wazi saa zote, mchana na usiku, kiangazi na masika.

Wenye uwezo kidogo wanaweza kutengeneza dari ya mikeka au ya magunia yaliyoshonwa, ikae chini kidogo ya manjanja, na kati yake hewa ipite mpaka nje. Dari hiyo inakinga joto la bati lisishuke moja kwa moja juu ya vichwa. Iwe mbali na kibatari na moto wa kupikia, maana magunia yanashika moto haraka. Wengine hupaka manjanja chokaa nyeupe kabla ya kiangazi. Rangi nyeupe inarudisha sehemu ya jua juu. Mvua itaiosha, mtapaka tena.

Na mwizi je? Na mbu? Na mvua?

Haya ndiyo maswali ya kwanza kila tunapoongea juu ya kuzibua, na ni haki yenu kuyauliza.

Mwizi: pigilieni kwa ndani wavu wa waya au vipande vya nondo, tundu lisipitishe fimbo wala mkono. Nguo na simu visitundikwe ukuta wenye dirisha. Mzee wetu yule alitumia waya wa zamani wa banda la kuku na misumari. Mwizi alirudi, tulisikia fimbo ikigonga waya, akaondoka.

Mbu: ni kweli mbu wa malaria hupenda kuingia kwa juu, kati ya ukuta na paa. Lakini dawa ni wavu, si udongo. Nchini Gambia watafiti walijaribu jambo hili, na matokeo yakatolewa mwaka 2009. Nyumba zilizowekewa wavu mlangoni na madirishani, na uwazi wa chini ya paa ukafungwa, ziliingiwa na mbu pungufu kwa zaidi ya nusu kuliko zile zisizo na kinga. Kwenu, tundu la juu lifunikeni kwa wavu mwembamba. Chandarua kilichochakaa kabisa kinaweza kukatwa kwa kazi hiyo. Tunasema kilichochakaa, si kile mnacholalia! Na hata mkiweka wavu, kulala chini ya chandarua kunabaki palepale.

Mvua: wekeni juu ya tundu, kwa nje, kipande cha bati kilichoinama kama kofia. Maji yanateleza, hewa inapita.

Kabla ya kutoboa ukuta wa kupanga, ongeeni na mwenye nyumba. Kumwomba fundi aondoe matofali mawili kwa juu na kuweka klostra ni kazi ndogo, na nyumba isiyoota ukungu ni faida yake pia. Kambini, ongeeni kwanza na kamati na wahusika wa makazi, ukuta usije ukadhoofika.

Kwa walioko milimani

Sasa tupande juu. Kila mkipanda mita 1,000, hewa hupungua joto kwa digrii kama 6. Ndiyo maana mtu aliyezoea Uvira au Bujumbura akifika upande wa Ngozi anahisi usiku unamng'ata mifupa. Ndugu zetu waliovuka mpaka mwaka 2025 wakikimbia vita vya Kivu, wengi walianzia chini ya shitingi, na shitingi haikingi baridi kama ukuta.

Tunaelewa basi kwa nini mnaziba kila kitundu. Lakini tazameni asubuhi. Mkiona matone ya maji yamejipanga chini ya shitingi au chini ya manjanja, na usiku mvua haikunyesha, maji hayo yametoka wapi? Ni pumzi zenu wenyewe. Mmepumua usiku kucha, pumzi haikupata njia, ikagonga paa baridi ikageuka maji, ikawadondokea kwenye blanketi. Blanketi lenye unyevu halikupi joto. Kwa hiyo nyumba iliyozibwa kabisa inaweza kuwafanya msikie baridi zaidi.

Kuna jambo la pili, nalo ni kifua. Vipimo vya Sphere, ambavyo mashirika mengi ya misaada hufuata, vinataka angalau mita za mraba 3.5 kwa kila mtu ndani ya nyumba. Sote tunajua familia zinazolala kwa nafasi ndogo kuliko hiyo. Mkibanana hivyo na matundu yamezibwa, pumzi ya mmoja inakuwa pumzi ya wote, na mwenye kifua kikuu anaweza kuambukiza nyumba nzima. Mwaka 2007 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofanywa katika hospitali 8 za mji wa Lima, nchini Peru. Vyumba vya zamani vyenye dari ndefu na madirisha makubwa, madirisha yakiwa wazi, vilibadilisha hewa vizuri kuliko vyumba vya kisasa vyenye mashine za kuvuta hewa. Dirisha, ndugu zetu, ni dawa isiyouzwa famasi.

Basi milimani mfanyeje? Tenganisheni hewa na upepo. Kinachowaumiza usiku ni upepo unaopiga mwili kwa chini, na ardhi baridi inayonyonya joto mgongoni. Tundu la juu halina kosa. Kwa hiyo:

1. Tundu la chini la upande wa upepo liwekeeni kibao cha kufungua na kufunga. Bawaba zinaweza kuwa vipande vya raba ya tairi. Mchana fungueni, usiku fungeni.
2. Tundu la juu, la upande usio na upepo, libaki wazi usiku kucha, hata kama ni la ukubwa wa matofali mawili tu.
3. Zibeni uwazi wa chini ya mlango kwa gunia lililokunjwa. Hapo ndipo baridi inapopita.
4. Inueni malazi kutoka chini. Pasipo kitanda, wekeni majani makavu, kisha kartoni, kisha mkeka. Mtu anapata joto zaidi kwa kuongeza kitu chini yake kuliko kwa kuongeza cha juu.
5. Jua likitoka, anikeni blanketi na mikeka nje, na mlango uachwe wazi mpaka mchana.

Mbabula isilale ndani

Tumeacha la mwisho lile ambalo ndilo lilitufanya tuandike.

Mwaka jana, wakati wa mvua, mama mmoja katika kambi ya milimani alikuwa na kichanga cha siku chache. Usiku ulikuwa wa baridi kali. Walipomaliza kupika, makala yalikuwa yamewaka vizuri, mekundu, hayatoi moshi hata kidogo. Wakaingiza mbabula ndani ili mtoto apate joto, wakafunga mlango. Matundu yalikuwa yamezibwa tangu zamani. Usiku bibi wa mtoto akaamka kwenda chooni. Kichwa kilimzunguka, miguu ikakataa, akauangukia mlango na mlango ukafunguka. Majirani waliosikia kishindo waliwakuta wengine wamelegea kama waliolewa. Wakawatoa nje wote. Walipona. Kama bibi asingeamka, tungekuwa tunaandika habari nyingine.

Makala mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayodanganya. Yanatoa gesi ambayo haina harufu, haina rangi, haikuwashi macho. Inachukua nafasi ya hewa safi ndani ya damu, na mtu aliyelala hajui chochote. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, mwili kukosa nguvu. Mkiona watu wawili au watatu wa nyumba moja wanazo dalili hizo kwa wakati mmoja, na wakitoka nje wanapata nafuu, msiseme ni malaria tu. Fungueni milango, watoeni wote nje, mbabula itoke, kisha wapelekeni kituo cha afya hata kama wanasema wameshapona. Wajawazito na watoto wachanga wako hatarini zaidi.

Na tusielewane vibaya. Tundu la juu linasaidia, lakini halifanyi mbabula kuwa salama chumbani. Mbabula haiingii mahali watu wanapolala, basi. Moshi wa kuni nao, hata usipoua usiku mmoja, unaua pole pole. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa ndani ya nyumba uliua watu milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020, wakiwemo zaidi ya watoto 237,000 walio chini ya miaka mitano. Pikeni nje, au chini ya kibanda kilicho wazi pande mbili.

Kichanga apate wapi joto? Kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, amevikwa kofia, na blanketi juu ya wote wawili. Njia hiyo ilianza kutumiwa hospitalini huko Bogotá, Kolombia, mwaka 1978 kwa watoto waliozaliwa kabla ya wakati, na leo inafundishwa duniani kote. Mama akichoka, baba naye ana kifua. Kwa wakubwa, chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuviringishwa kitambaa, ikiwekwa miguuni, inatosha kuwapitisha usiku.

Mmetuuliza

Mama mmoja wa Kinama anauliza: "Feni inatosha bila kuzibua matundu?" Mama, feni haitengenezi hewa mpya, inazungusha ileile iliyomo. Zibua kwanza. Kisha, usiku, iweke feni karibu na dirisha ikivuta hewa ya nje kuingia. Na umeme ukikatika, tundu litaendelea na kazi.

Kijana mmoja wa Musasa anauliza: "Baba yangu anasema wahenga walituonya, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nimjibu nini?" Mjibu kwa heshima kwamba wahenga walisema kweli, ila walisema ufa. Ufa umejileta wenyewe, unaangusha nyumba. Tundu la hewa fundi ameliweka kwa makusudi. Halafu mwombe mzee ashike uzi mbele ya tundu mkishalizibua, ajionee mwenyewe.

Leo jioni kabla ya kulala, tunawaomba kila familia ifanye jambo moja. Inueni macho, mtazame juu ya mlango na chini ya paa. Mkikuta gunia, litoeni, mweke wavu. Kisha mtuandikie mtueleze usiku ulikuwaje, au mpeni barua anayewaletea gazeti hili.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutaongea juu ya kupika kwa makala machache. Mlale salama, na nyumba zenu zipumue.